Rafiki yangu wa pekee ni mtu aliyetengwa na kanisa ninaloliongoza

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Nimezoea kuletewa barua kama hizi, sijazoea kuziandika, kwa hiyo univumilie nikizunguka kabla ya kufika.

Mimi ni mchungaji katika mji mdogo. Kanisa letu halijai hata siku ya Krismasi, lakini halijawahi kukosa ibada. Washirika wote nawajua kwa majina, na wengi nawajua kwa mambo ambayo hata watoto wao hawayajui. Jumapili ibada ikiisha nasimama mlangoni kuwapa mkono. Anakuja mama mmoja, ananishika kwa mikono miwili, ananisogelea sikioni: "Mchungaji, mwanangu ameirudia pombe." Anaondoka akitabasamu, maana nyuma yake kuna jirani. Anayefuata ananiambia majibu ya hospitali yametoka. Wa tatu anasema tu "niombee", macho yanamalizia. Watu wakiisha naingia ndani kukusanya vitabu vya nyimbo, na hakuna aliyeniuliza mimi nimeamkaje. Silalamiki. Ndiyo kazi niliyoiitikia, na naipenda.

Tatizo ni kwamba kwa muda sasa maombi yamenikauka. Neno nalisoma kwa ajili ya mahubiri tu. Nikifumba macho kuomba peke yangu, naona kama hakuna mtu upande wa pili. Sijaacha kuamini, au niseme, sijui kama nimeacha. Mbele za watu maneno yanakuja yenyewe, ni ya miaka mingi, na watu wanaitika Amina, wengine wanalia. Zile Jumapili ninazokuwa mkavu kuliko zote ndizo wanazoniambia nimehubiri kwa upako. Hilo linanitisha kuliko ukavu wenyewe. Usingizi nao umepungua. Mke wangu anajua nimechoka. Hajui kiasi gani.

Sasa kuna mtu hapa mjini, fundi wa saa na redio. Zamani alikuwa mhazini wa kanisa hili hili. Kabla sijahamishiwa hapa, fedha za ujenzi zilipungua, akaulizwa, akakataa kujibu, wazee wakamtenga. Hajakanyaga kanisani tangu hapo. Nilimfahamu nilipompelekea saa ya ukutani ya ofisi ya kanisa. Aliitambua kabla sijamaliza kuifungua kwenye gazeti. Akasema, "Hii nilikuwa naitia ufunguo mimi, kila Jumamosi." Aliitengeneza, akakataa malipo. Wiki iliyofuata nilirudi bila saa.

Siku hizi jioni mbili tatu kwa wiki napitia karakanani kwake. Tunacheza drafti juu ya meza yake ya kazi, kete zenyewe vizibo vya chupa, tukisogeza pembeni skrubu na nyaya. Hazungumzi sana. Haniiti Mchungaji, ananiita kwa jina langu, na sidhani kuna mwingine mji huu anayelitumia. Jioni moja nikamwambia haya niliyokuandikia hapo juu. Ni yeye tu niliyemwambia. Hakuinua macho kwenye ubao. Akauliza, "Na Jumapili utahubiri?" Nikasema nitahubiri. "Basi hubiri. Cheza, zamu yako." Usiku ule nililala.

Mwezi uliopita nikapokea barua ya baraza la wazee, imechapwa, ina muhuri wa kanisa, imesainiwa na wanne. Watu ninaoonana nao kila siku wameniandikia barua! Wanasema baiskeli yangu inaonekana nje ya karakana ile hadi usiku, washirika wanauliza maswali, na mchungaji hawezi kuketi na mtu ambaye kanisa limemtenga. Wamenukuu 1 Wakorintho 5:11. Wananitaka niache "kwa ajili ya utulivu wa kundi". Aliyesaini wa kwanza ni mzee ninayemheshimu, ambaye mchango wake katika ujenzi ule ulizidi wa mtu mwingine yeyote. Hao watatu ni waongeaji tu.

Kikao ni wiki mbili zijazo. Nikiacha kwenda, nitakuwa nimemtenga mtu yule mara ya pili, na mimi mwenyewe sijui nitapumulia wapi. Nikiendelea, nitaligawa kanisa. Nikieleza kwa nini naenda, nitakuwa nimewaambia kwamba mchungaji wao haombi, na washirika wangu hawawezi kubeba jambo hilo. Barua ya kuomba uhamisho nimekwisha kuiandika. Ipo kwenye droo, haina tarehe.

Kanisa ni nini, Mshauri, ikiwa mtu pekee ninayeweza kumwambia ukweli ni yule tuliyemfukuza?

Mchungaji wa mji mdogo


MSHAURI ANAJIBU

Amina, Mchungaji, na asifiwe. Hukuzunguka. Watu wa mimbari huniandikia mara chache, na wakiandika hunitumia mahubiri. Wewe umeniandikia barua.

Kama nimekuelewa, hali yako ni hii. Maombi yamekauka, na umelificha jambo hilo kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye kanisa lako lilimtoa. Sasa kanisa hilo hilo linakutaka umwache, na huwezi kujitetea bila kufichua ulichokuwa unaficha. Ndiyo maana barua ya wazee imekuuma kuliko barua za wazee zinavyouma kwa kawaida, na tunajua huwa zinauma. Naomba lakini nisianzie kwao.

Umesema kinachokutisha ni kwamba ukiwa mkavu ndipo watu wanapobarikiwa. Wasiwasi huo ni wa zamani, na uliwahi kuligawa kanisa la Afrika Kaskazini. Katika mateso ya Kaisari Diocletian yaliyoanza mwaka 303, wapo viongozi wa kanisa waliosalimisha Maandiko ili kuokoa maisha yao. Baadaye Wadonatisti wakashika msimamo kwamba mtumishi wa namna hiyo hana neema ya kumpa mtu, hata ubatizo wake si ubatizo. Ubishi uliendelea kwa miaka mia moja hivi, mpaka mkutano mkubwa wa Karthago mwaka 411, ambapo Augustino, askofu wa Hippo, alikuwa miongoni mwa wasemaji wa upande wa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba anayebatiza ni Kristo, hata mkono uwe wa nani. Kwa hiyo yule anayelia ukihubiri hajadanganywa. Alichopokea hakikutoka kwenye akiba yako, ndiyo maana akiba yako ikiisha bado anapokea.

Tukubaliane hata hivyo kwamba jibu hilo linamtuliza yeye. Wewe unarudi nyumbani na njaa yako. Augustino alilijua hilo pia. Katika hotuba moja ya kukumbuka siku aliyowekwa wakfu aliwaambia watu wake kwamba kwao yeye ni askofu, na pamoja nao yeye ni Mkristo. La kwanza lilimwogopesha, la pili likamfariji. Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikilitafuta hilo la pili, sijaliona. Upo kwa ajili yao kutwa kucha. Pamoja nao upo lini?

Sina haraka ya kukubali kwamba umepoteza imani. Wala sina haraka ya kukataa, maana ningekuwa nakubembeleza. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifika hapo ulipo mwaka 1738. Alikuwa kasisi aliyerudi Uingereza kutoka utume wake Marekani, akajiona hana imani anayoihubiri, akataka kuacha kuhubiri kabisa. Alimuuliza kijana wa kundi la Kiprotestanti la Wamoravia, Peter Böhler, kama aache. Böhler akamjibu ahubiri imani mpaka aipate, kisha akiipata ataihubiri kwa sababu anayo. Mwezi Mei mwaka ule ule, London, Wesley akaonja moyoni joto ambalo Wamethodisti wanalikumbuka mpaka leo. Rafiki yako fundi alikupa jibu hilo hilo kwa maneno machache zaidi, akaongeza na zamu ya kucheza.

Siwezi kukuahidi kwamba Mei yako inakuja. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi gizani kwa miaka mingi mno, na kazi hakuiacha. Zaburi ya 88 nayo inamalizikia gizani, haina ule mgeuko wa sifa tuliouzoea mwishoni, na waliokusanya Zaburi waliiacha vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndani ya imani na asisikie mtu upande wa pili. Anaweza pia kuwa ametoka. Kukaa muda bila kujua uko wapi kati ya hayo mawili si dhambi, na "sijui kama nimeacha" ni neno la kweli kuliko mengi yanayosemwa madhabahuni.

Ila usingizi umeutaja ukapita haraka. Elia alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale, akalala tena, akamwamsha ale tena. Ya mlima Horebu, Mungu aliposema naye, yalikuja baadaye (1 Wafalme 19). Charles Spurgeon, ambaye umati wa London ulimfuata kumsikiliza, aliandamwa na huzuni nzito miaka mingi ya huduma yake, na hakuwaficha wanafunzi wake kwamba hali hiyo huwakuta watumishi. Mwone daktari, Mchungaji. Mwambie usingizi ukoje, hamu ya kula ikoje, tangu lini. Kuna majangwa ya kiroho, na kuna ugonjwa wa sonona, na yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Moja kati ya hayo lina kliniki.

Sasa rafiki yako. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na nasema hivyo nikijua kwamba wazee wako wanaweza kuisoma safu hii. Musa naye alishauriwa na mtu wa nje. Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, hakuwa Mwisraeli. Akafika kambini akamkuta mkwewe anaketi tangu asubuhi hata jioni kusikiliza kesi za watu, akamwambia jambo ambalo hatusomi kwamba mzee yeyote wa Israeli alikuwa amemwambia: utachoka kabisa, wewe na watu hawa, kazi hii ni nzito mno kwako (Kutoka 18). Aliyeketi ndani siku zote alikuwa amezoea kuuona mstari ule wa watu. Ilihitaji mgeni.

Tazama lakini Yethro alifanya nini baada ya hapo. Hakumwambia Musa awe anakwenda Midiani kupumzika. Alimrudisha kwa watu wake mwenyewe, achague wenye kuaminika, agawane nao mzigo. Kisha akaenda zake. Ndiyo sababu ninakuuliza, wala sikushtaki: jioni zile za drafti zinakurudisha kwa washirika wako, au zinakupa tu nguvu ya kuwavumilia mpaka jioni nyingine? Mtu anahitaji vyote viwili. Lakini barua yako inanifanya nidhani unapata hicho cha pili tu, na kadiri unavyokipata ndivyo kile cha kwanza unavyokiona hakihitajiki.

Halafu kuna hili. Wewe umemwambia siri yako kubwa, yake hujamuuliza. Hakuna mahali unaposema unajua fedha zile zilikwenda wapi, wala kama yeye amewahi kuligusia. Huenda mmekubaliana kimya kimya kwamba hapo pasiguswe. Urafiki mwingi unaishi kwa makubaliano ya namna hiyo, na sioni ubaya. Ugumu ni kwamba wewe ni mchungaji wa kanisa lililomtenga. Hata akikuita kwa jina lako, mamlaka ile umeingia nayo ndani na ipo pale mezani pamoja na vizibo. Labda anangoja siku utakayouliza. Labda ukiuliza atakuonyesha mlango. Mimi simjui, wewe uliuona uso wake alipoiona saa ile.

Na amebeba siri ya mchungaji bila kuombwa ridhaa. Akikutana na wale wazee njiani, anajua jambo ambalo wangetoa chochote kulijua. Mpaka sasa amekaa kimya. Unaona huyo ni mtu wa aina gani, na hilo si ushahidi juu ya fedha, lakini si bure.

Tuje kwa wazee. Wamekunukulia 1 Wakorintho 5:11 na sina shaka aya za kujibu unazo: yule mtoza ushuru wa Mathayo 18, na swali la Mathayo mwenyewe alikuwa na kazi gani kabla ya kuitwa. Ningekuwa wewe nisingeingia kikaoni na aya. Watu waliofika mpaka kupiga muhuri hawashindwi kwa aya, watakwenda nyumbani kutafuta nyingine.

Ningemfikiria kwanza yule aliyesaini juu ya wenzake. Umesema mchango wake ulizidi wa wote, kisha ukamwacha hapo hapo. Fedha yake ilipotelea mikononi mwa mtu. Mtu yule hakutoa hesabu. Leo anapita njiani anaona baiskeli ya mchungaji wake imeegemezwa kwenye ukuta wa mtu yule, jioni hata jioni, na kwake yeye mchungaji hufika kukiwa na mgonjwa. Huenda utulivu wa kundi ni lugha tu ya barua rasmi. Huenda ameumia, na hakuna fomu ya kanisa ya kuandikia kwamba mchungaji anampenda mwingine kuliko mimi. Umewahi kwenda kwake bila sababu, ukakaa tu?

Hao watatu sitawatetea. Waongeaji wapo kila kanisa.

Lipo swali halali la kuliuliza baraza, ingawa sina hakika wewe ndiye wa kuliuliza: kutengwa kule kuliwekewa mwisho? Paulo yule yule wa aya waliyokuandikia aliwaandikia tena Wakorintho juu ya mtu aliyeadhibiwa na walio wengi, akasema adhabu ile yatosha, wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi (2 Wakorintho 2:6-8). Wafafanuzi hawakubaliani kama ni mtu wa ile barua ya kwanza. Maneno yenyewe yanasimama. Nidhamu ya kanisa isiyokuwa na njia ya kurudi imekwisha kuwa kitu kingine. Lakini ukiisimamia hoja hiyo wewe itaonekana unamtetea mwenzako wa drafti, na itakuwa kweli. Askofu wako au mwangalizi wako anaweza kuileta bila mikono yako. Kabla ya yote hayo aulizwe mwenyewe kama anataka kurudi. Wapo watu waliofunguliwa mlango kwa shangwe, na hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanapita njia hiyo.

Kuna sentensi yako nyingine ambayo sikuweza kuiruka. Washirika wangu hawawezi kubeba. Umewapima lini? Hawa ndio wanaobeba watoto walevi na majibu ya hospitali, tena wanatabasamu mlangoni ili jirani asijue. Umewalea kupokea, na wamepokea vizuri. Paulo aliwaandikia Wakorintho, kanisa lenye magomvi kuliko lako, kwamba kule Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Wapo waliomdharau kwa udhaifu wake. Aliwaandikia hata hivyo.

Sikusukumi uende kulitangaza jambo hili mimbarini. Bwana wetu usiku wa Gethsemane hakuwaambia makutano. Hata wanafunzi wake hakuwaambia wote; alichukua watatu, akawaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, wakeshe pamoja naye. Nao wakalala. Hatari yenyewe ndiyo hiyo: unaweza kumchagua mtu kwa uangalifu wote na akalala. Au asilale, na kesho yake mji mzima ukajua, maana mji mdogo siri ikitoka haina pa kwenda ila kuzunguka. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani, alipokuwa akiongoza chuo cha wachungaji cha Finkenwalde, kilichofungwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mwaka 1937, aliwahimiza wanafunzi kila mmoja awe na ndugu wa kumwungamia, na yeye mwenyewe alikwenda kwa mwanafunzi wake, Eberhard Bethge. Mkubwa akaungama kwa mdogo. Nimelitaja kwa sababu nadhani ukimtafuta mtu wa kumwambia utaanza kutazama juu, kwa wachungaji wa miji jirani na kwa askofu, na huko kuna watu wazuri. Lakini usipuuze kwamba huenda yupo mshirika, pengine mama mmoja wa kipindi cha maombi ambaye hajawahi kusaini barua yoyote, anayeweza kulipokea jambo lako akanyamaza nalo.

Njia zako kila moja ina bei yake. Ukiacha kwenda karakanani ghafla, wazee watatulia, na mtu mmoja atakuwa ameachwa na kanisa mara mbili bila maelezo. Ukiamua hivyo, angalau yeye asikie kutoka kwako, ameketi mbele yako. Ukiendelea bila kusema neno, usishangae siku utakapogundua kwamba kuna "watu wa mchungaji" na "watu wa wazee", na kwamba rafiki yako amekuwa bendera ya ugomvi asioutaka. Kati ya hapo kuna nafasi pana kuliko unavyoiona. Unaweza kwenda mchana, mlango wazi. Unaweza kumwendea yule mzee kabla ya kikao, wewe na yeye tu, ukamuuliza fedha zile zilimfanya nini, ukasikiliza mpaka mwisho hata kama itachukua jioni nzima ya drafti. Unaweza kuwaambia wazee kwamba huduma imekuchosha na unaomba likizo, ambayo ni kweli, bila kuwapa yaliyobaki mpaka utakapokuwa tayari. Unaweza pia kuwapa yote. Nikikuchagulia nitakuwa nafanya kazi ya watu ambao wako karibu nawe kuliko mimi.

Kuhusu ile barua ya droo, sina neno dhidi ya uhamisho. Wapo waliohama wakapona. Jiulize tu: ukifika mji mwingine, siku ya kwanza utasimama wapi ibada ikiisha? Kama ni mlangoni, vile vile, basi utakuwa umehamisha mabegi.

Nimeliacha mpaka hapa jambo la mkeo kwa makusudi. Barua yako ni ndefu, na yeye amepata sentensi moja fupi: anajua umechoka, hajui kiasi gani. Yeye ndiye anayeona baiskeli haipo. Pengine waongeaji wamekwisha kumfikia, maana wakishindwa kumwambia mchungaji humwambia mama mchungaji, naye hana pa kulipeleka. Inawezekana unamkinga. Inawezekana pia kwamba bila kukusudia umemweka kwenye ule mstari wa mlangoni, naye unampa mkono kama wengine. Umeniambia hudhani kuna mwingine mji huu anayelitumia jina lako zaidi ya fundi. Mkeo anakuitaje mkiwa wawili?

Ukiniandikia tena, anzia hapo. Na unitajie daktari alisema nini.